Bodi Haikufa, Ilikuwa Ikingoja: Kisa cha Butiloda katika Chumba cha Samaki, Lamu

Kisa hiki ni cha bodi ndogo ya Linux iliyokuwa ikilinda majokofu ya samaki katika kisiwa kimoja cha funguvisiwa la Lamu. Nimeondoa jina la kisiwa, la kikundi cha wavuvi na la kila aliyehusika. Mimi ndiye niliyeufunga mtambo ule na ndiye niliyeitwa uliposhindwa kuwaka, kwa hiyo makosa mengi yaliyomo humu ni yangu. Naandika kwa ajili ya mafundi wanaofunga bodi kama hizi mahali ambapo kurudi kurekebisha kitu kunategemea maji kujaa.

## Mahali na mtambo

Kikundi kina nyumba ya mawe karibu na gati, na ndani yake majokofu makubwa yanayowekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ni wa sola na betri. Betri zikichoka, aghalabu kuelekea alfajiri, inveta hujizima yenyewe na mlinzi huenda kuwasha jenereta ya dizeli. Samaki hukaa humo, nguru, tewa, changu na kolekole, hadi chombo kipatikane cha kuwavusha Mokowe, na kutoka hapo gari huwapeleka Mombasa. Wakati wa kusi bahari huchafuka na majokofu hubaki nusu matupu. Kaskazi ikiingia hujaa hadi mlangoni. Hitilafu ya mtambo wakati wa kusi ni usumbufu tu, lakini wakati wa kaskazi ni mapato ya nyumba nyingi.

Bodi yenyewe ni BeagleBone Black: chipu ya AM3358, RAM ya megabaiti 512, hifadhi ya ndani ya eMMC ya gigabaiti 4, umeme wa volti 5. Inasoma vipima joto vya DS18B20 vilivyopangwa kwenye laini moja ya waya, na ina modemu ya simu. Jokofu likipanda joto kupita kiwango tulichokiweka kwa dakika 20, bodi humpelekea katibu wa kikundi na mlinzi SMS. Haina skrini wala kibodi. Anayeitazama huona taa tu: moja ya umeme, na nne ndogo za bluu ambazo mojawapo, USR0, hupiga kama moyo Linux inapokuwa hai.

## Bodi inavyoamka

Bila kuelewa hatua za kuamka, kisa hiki hakifuatiliki, kwa hiyo nizieleze.

Umeme ukifika, programu fupi iliyochomwa ndani ya chipu kiwandani ndiyo hutangulia. Hiyo haibadilishwi na mtu. Kazi yake ni kutafuta faili iitwayo MLO: kama kitufe cha S2 hakijabonyezwa, huanza na eMMC, ikikosa huenda kwenye kadi ya SD. MLO ni ndogo kwa sababu RAM iliyo ndani ya chipu ni ndogo; huamsha RAM kubwa ya bodi kisha hupakia u-boot.img, yaani butiloda kamili, programu inayoiamsha Linux. Butiloda hii ni U-Boot, kazi iliyoanzishwa na Wolfgang Denk wa Ujerumani, na kwa Kijerumani neno hilo ni nyambizi. Jina limeikaa vizuri, kwani hufanya kazi yote chini, ikamaliza kabla mtumiaji hajaona chochote.

U-Boot huandika kwenye laini ya siriali, yaani nyuzi za kuzungumza na bodi kwa kompyuta, kwamba inahesabu sekunde kurudi nyuma, na kwamba herufi yoyote ikibonyezwa itasimama. Sekunde zikiisha bila herufi, hutekeleza kigeu kiitwacho bootcmd. Humo ndimo inamosoma faili ya uEnv.txt, inamopakia kerneli, yaani kiini cha Linux, na faili ya mti wa vifaa, ile inayoieleza kerneli bodi ina vifaa gani, kisha huiachia kerneli usukani kwa amri kama hii:

bootz 0x82000000 - 0x88000000

Namba ya kwanza ni mahali kerneli ilipo kwenye RAM, ya mwisho ni mahali mti wa vifaa ulipo, na kistari cha katikati maana yake hakuna mfumo wa faili wa muda wa kuanzia. Kerneli sasa inapaswa kupata mfumo wake wa faili kwa kusoma maneno iliyopewa na U-Boot. Ya kwetu yalikuwa haya:

console=ttyO0,115200n8 root=/dev/mmcblk0p2 rootwait

Kumbuka O ya ttyO0 ni herufi, si sifuri. Nimeona watu wakipoteza siku nzima hapo. Lakini katika kisa chetu shida ilikuwa neno linalofuata.

## Usiku ulionyamaza

Wiki chache baada ya kaskazi kuingia, katibu alinipigia simu asubuhi. Jokofu la tatu lilikuwa limesimama usiku na nguru waliokuwemo walikuwa wamelainika. Hakuna SMS iliyofika. Alisema neno ambalo limebaki nami: "Mwanangu, mtambo wako ulinyamaza, nami nikadhani kunyamaza kwake ni salama."

Nilimwomba aitazame bodi. Taa ya umeme ilikuwa inawaka, USR0 haipigi. Nikamwambia achomoe umeme, ahesabu hadi kumi, achomeke tena. Bodi ikaamka. Siku mbili baadaye hadithi ikajirudia, safari hii bila hasara, kwa sababu mlinzi alikuwa ameshaambiwa aangalie taa. Akachomoa, akachomeka, haikuamka. Akarudia, ikaamka.

Hitilafu inayokuja na kuondoka ndiyo mbaya kuliko zote kwa mtu aliye mbali. Nilijiuliza ni nini kinaharibika umeme unapokatika ghafla, na jibu la haraka kwa fundi yeyote wa Linux ni mfumo wa faili. eMMC inaandikiwa rekodi za joto kila dakika. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili huharibika. Nilikuwa na uhakika. Sikuwa na ushahidi.

## Kadi niliyoituma

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kuhamisha rekodi zote kwenye kadi ya SD, ili eMMC ipumzike. Niliandaa kadi yenye kizigeu kimoja, yaani sehemu moja tu ya diski, bila kerneli wala uEnv.txt, kwa kuwa ni ya rekodi tu. Nikampa nahodha wa boti, na kumweleza katibu kwa simu jinsi ya kuiingiza.

Baada ya kadi kuingia, bodi haikuamka tena hata mara moja. Walijaribu mara nane. Tulitoka kwenye "wakati mwingine haiwaki" tukafika kwenye "haiwaki kabisa", na katibu, kwa adabu yake, hakuuliza nimetuma nini.

Niseme hapa jambo linaloniuma mpaka leo: nilikuwa na bodi ya pili ya aina ileile kwenye rafu ya karakana yangu. Kuijaribu kadi ile kungechukua dakika tano. Sikuijaribu kwa sababu nilishajiaminisha kwamba kadi ya rekodi haina uhusiano na kuwaka kwa bodi. Nilijua kadi haina kerneli, nikadhani imetoka nje ya hesabu.

## Safari ya kwanza

Vyombo vinavyopita mkondo wa Mkanda hungoja maji, na ile ilikuwa wiki ya maji mafu, kwa hiyo nilifika jioni ya siku ya tatu. Nilikuta ule waya wa siriali niliouacha wakati wa kufunga mtambo. Ulikuwa wa mita tatu, umechomekwa kwenye pini za J1 za bodi, ukatambaa ukutani hadi mezani kwa katibu, ncha yake ikining'inia. Niliuacha kwa makusudi, ili nikirudi nisilazimike kufungua sanduku lisilopitisha maji. Nilichomeka adapta yangu ya USB ya volti 3.3 kwenye ncha ile, nikaunganisha kipakatalishi kwa kasi ya 115200, tukawasha.

U-Boot ilihesabu, ikapita. Kerneli ikapakiwa. Kisha skrini ikaganda kwenye mstari mmoja:

Waiting for root device /dev/mmcblk0p2...

Hapo ndipo nilipoelewa kadi yangu ilifanya nini. Katika kerneli ya mfululizo wa 3.8 tuliyokuwa tukiitumia, hifadhi hupewa namba kwa mpangilio wa kuonekana kwake. Kadi ya SD isipokuwepo, eMMC ndiyo mmcblk0. Kadi ikiwepo, kadi ndiyo mmcblk0 na eMMC husogea kuwa mmcblk1. Sisi tulikuwa tumeiagiza kerneli ikatafute mfumo wa faili kwenye kizigeu cha pili cha mmcblk0. Kadi yangu ilikuwa na kizigeu kimoja tu. Na neno rootwait humaanisha: ngoja mpaka kipatikane. Haikutangaza kosa, haikuanguka, haikujizima. Ilitii.

Cha kuchanganya zaidi, U-Boot ina hesabu yake yenyewe. Kwake kadi ya SD ni mmc 0 siku zote na eMMC ni mmc 1 siku zote, kadi iwepo isiwepo. Mtu anayesoma uEnv.txt na kuona 0 huku na 1 kule hujiona ameelewa, kumbe anasoma daftari mbili tofauti.

Nilichomoa kadi, bodi ikaamka. Kisha nikaondoa chanzo. Kwa amri ya fdisk -l nilisoma kitambulisho cha diski ya eMMC, namba ya herufi nane iliyoandikwa ndani ya diski yenyewe, na kubadilisha agizo katika uEnv.txt kuwa kwa umbo hili:

root=PARTUUID=4a1c90e2-02 rootwait

Namba hii ni ya mfano. Tarakimu 02 za mwisho ni kizigeu cha pili. Nilichagua PARTUUID badala ya UUID ya mfumo wa faili kwa sababu kerneli huielewa PARTUUID yenyewe, ilhali UUID huhitaji mfumo wa muda wa kuanzia, ambao sisi hatunao. Ndio kile kistari cha kwenye bootz. Nikarudisha kadi ndani, nikawasha mara tatu, zote tatu ikaamka. Nikamwambia katibu, "Ami, tumemaliza." Nikachomoa kipakatalishi changu na kwenda kulala.

## Alfajiri

Kabla ya adhana inveta ilijizima, mlinzi akawasha jenereta, na alipokuja kuniamsha alikuwa na neno moja: "Imelala tena."

Nashukuru kwamba nilikuwa bado kisiwani. Kama maji yangekuwa yamejaa usiku ule ningeondoka nikiwa nimeridhika.

Nilichomeka kipakatalishi. Skrini ilikuwa nyeupe. Nikabonyeza Enter, na jibu likaja papo hapo:

U-Boot#

Bodi haikuwa imekufa wala haikuwa imeharibika faili. Ilikuwa imesimama kwenye butiloda ikingoja amri, kwa adabu kabisa, kama karani aliyeambiwa "ngoja kwanza". Lakini nani aliyemwambia? Hakuna kibodi. Meza ya katibu ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Nilitazama vigeu kwa printenv; bootdelay, yaani sekunde za kuhesabu, ilikuwa 1, bootcmd ilikuwa sawa. Nilipoandika boot, Linux ikaamka bila tatizo.

Nilimpigia mwenzangu aliyeko Mombasa. Kwanza alishuku mstari niliomsomea, ule unaosema kwamba CRC, hesabu ya kuhakiki data, ni mbaya na U-Boot inatumia mazingira ya msingi. Huo huwatisha wengi, lakini kwenye bodi ambayo hakuna aliyewahi kufanya saveenv, amri ya kuhifadhi vigeu, maana yake ni kwamba hakuna kilichohifadhiwa bado. Kisha akashauri niandike bootdelay=-2 kwenye uEnv.txt, iwake moja kwa moja bila kuhesabu wala kusikiliza herufi. Niliandika. Nikawasha. U-Boot ikahesabu sekunde moja kama kawaida.

Ilitubidi tunyamaze wote wawili kwenye simu ili tuone kwa nini. uEnv.txt husomwa ndani ya bootcmd, na bootcmd hutekelezwa baada ya kuhesabu kwisha. Kuandika bootdelay humo ni kumwambia mtu asipite mlango ambao ameshaupita. Kigeu hicho hufanya kazi kikiwa kimehifadhiwa kwa saveenv, au kimewekwa wakati wa kuunda U-Boot.

## Kusikiliza bila kugusa

Kilichonifungua macho ni swali rahisi: kwa nini jana jioni iliamka mara tatu mfululizo nikiwa natazama, na alfajiri, bila mimi, ikasimama? Tofauti kati ya nyakati hizo mbili ilikuwa kipakatalishi changu mwishoni mwa waya.

Adapta ya siriali ikiwa imechomekwa hushikilia laini ya kupokelea ya bodi kwenye volti 3.3 imara. Adapta ikiondolewa, laini ile inabaki waya wa mita tatu ulio wazi mwisho, na waya wazi ni antena. U-Boot haiulizi herufi iliyofika ina maana gani. Chochote kitakachoonekana kama herufi ndani ya ile sekunde moja huhesabiwa kuwa ni mtu amebonyeza kibodi. Ina maana kila nilipokuja kuchunguza ugonjwa, uchunguzi wangu wenyewe uliuponya.

Nilihitaji kusikiliza bila kugusa. Nilifungua sanduku, nikatenganisha nyuzi tatu za waya. Kwenye J1, pini ya 1 ni ardhi, ya 4 ni ya bodi kupokea, ya 5 ni ya bodi kusema. Nilichomeka adapta yangu kwenye 1 na 5 tu, nikauacha uzi wa pini ya 4 ukining'inia kama ulivyokuwa siku zote. Kisha tukazima kila kitu na kuwasha kutoka kwenye jenereta, majokofu na bodi kwa pamoja. Hiki ndicho nilichokiona:

Hit any key to stop autoboot: 0
U-Boot#

na baada yake takataka za herufi zisizosomeka, zikifuatwa na malalamiko ya U-Boot kwamba haiijui amri hiyo, Unknown command, try 'help'. Mlinzi aliinama nami kwenye skrini na kuuliza nani anaandika. Nikamwonyesha ukutani: waya wangu ulikuwa umefungwa kwa vibano vilevile vya plastiki pamoja na kebo ya kompresa, bega kwa bega, mita mbili nzima.

Kebo ile haikuwepo nilipofunga mtambo. Mwanzo wa kaskazi kikundi kiliongeza jokofu la nne, na fundi wa umeme, kwa unadhifu, aliipitisha njia ileile. Kipima joto chake alikiunganisha mwenyewe kwenye laini iliyopo, jambo ambalo DS18B20 hukubali kwa urahisi, hivyo hakuna aliyekuwa na haja ya kuniita. Nilipouliza kwa simu kama kuna kilichobadilika, niliuliza kuhusu bodi. Kuhusu bodi jibu lilikuwa la kweli: hakuna.

Tulirudia jaribio kwa mpangilio, mara kumi kwa kila hali. Waya ukiwepo na kompresa zikiwaka pamoja na bodi, ilisimama mara sita. Waya ukiwepo na kompresa zimezimwa, haikusimama. Waya umechomolewa na kompresa zikiwaka, haikusimama. Tulimaliza jua likiwa limepanda na chai imepoa.

## Tulichobadilisha na tulichokataa

Waya ulitoka. Hilo halikuwa na mjadala.

Mjadala ulikuwa juu ya bootdelay. Mwenzangu alishikilia niweke -2 kwa saveenv ili bodi isisikilize mtu yeyote tena. Nilikataa, na bado naona nilikuwa sawa. Thamani ya 0 huondoa kungoja lakini huacha nafasi ya kusimamisha; -1 hufanya kinyume cha tunachotaka, kwani huizuia bodi isiwake yenyewe; -2 hufunga mlango kabisa. Mlango huo ndio nitakaoutumia siku uEnv.txt ikiharibika. Bila huo, njia iliyobaki ni kadi ya SD yenye mfumo kamili na kushikilia S2 wakati umeme unaingia. Si kubonyeza kitufe cha kuanzisha upya, ni umeme wenyewe kuingia kidole kikiwa kwenye S2, ndani ya sanduku lililofungwa kwa skrubu nane. Siwezi kumwelekeza mzee wa miaka sitini kwa simu afanye hivyo usiku wa manane. Kwa hiyo kwa siku hiyo tuliiacha 1 na kuziziba pini za J1 kwa kifuniko.

Nilirudi Lamu na kufanya kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo, mezani, kwenye bodi ya rafuni. Niliunda U-Boot upya nikiwa nimewasha CONFIG_AUTOBOOT_KEYED, ili isisimame kwa herufi yoyote bali kwa neno nililolichagua, na CONFIG_BOOT_RETRY_TIME, ili hata ikijikuta imesimama, isipopewa amri kwa sekunde 60 ijaribu kuwaka tena yenyewe. Niliianzisha kwanza kutoka kwenye kadi ya SD kwa kushikilia S2, eMMC ikiwa haijaguswa. Nilifunga waya wa mita tatu uleule kando ya mota ya kuchimbia visima ya jirani na kuwasha mara ishirini. Ndipo nikaiandika kwenye eMMC, na maji ya bamvua yalipofika nikavuka nayo.

Niliongeza pia panic=10 kwenye maneno ya kerneli, ili ikianguka ijianzishe baada ya sekunde kumi. Nijulishe tu kwamba hiyo haisaidii kitu kwa rootwait, kwa sababu kerneli inayongoja haijaanguka.

## Yaliyofuata

Kaskazi iliyobaki ilipita umeme ukikatika karibu kila wiki, na bodi iliamka kila mara. Kadi ya SD bado imo ndani, inahifadhi rekodi. Samaki walioharibika hawakurudi, na hasara ile ilibebwa na wenye samaki, si na mimi.

Kilichobadilika zaidi si cha butiloda. Kila siku saa 12 asubuhi bodi sasa hutuma SMS moja ya maneno matatu, hata kama hakuna tatizo lolote. Isipofika, katibu humtuma mlinzi akaitazame USR0.

## Uchambuzi

Kulikuwa na hitilafu mbili, moja ikiificha nyingine. Kelele ya waya ilikuwepo tangu jokofu la nne. Namba ya mmcblk niliiongeza mimi kwa kadi. Nilipoiondoa ya pili nilidhani nimeiondoa ya kwanza, kwa kuwa zote mbili zilionekana vilevile kutoka nje: taa ya umeme inawaka, moyo haupigi. Na zote mbili, kwa undani, zilikuwa kungoja. U-Boot ilingoja amri, kerneli ilingoja diski. Tumezoea kujenga ulinzi dhidi ya kuanguka. Kipima muda cha kuiwasha bodi upya tulikuwa nacho, lakini kilikuwa kinaanzishwa na Linux yenyewe, kwa hiyo kisingeweza kuona chochote kilichotokea kabla ya Linux kuamka.

Kilichofaa ni kusikiliza kwa nyuzi mbili badala ya tatu. Ningeendelea kuchomeka adapta kamili ningeweza kukaa kisiwani mwezi mzima nikiona bodi nzima. Kingine kilichofaa ni kurudia jaribio huku kitu kimoja tu kikibadilishwa. Mara tatu za jioni zilinidanganya, mara thelathini za asubuhi hazikunidanganya. PARTUUID ingepaswa kuwemo tangu siku ya kwanza, iwe kuna kadi au hakuna, kwa sababu siku moja mtu ataingiza kitu kwenye tundu lile.

Kilichoshindikana kwanza ni mimi kutuma dawa kabla ya kuona mgonjwa. Tulikuwa na laini ya siriali ambayo ingesema ukweli katika dakika moja, na niliiruka kwa sababu safari ni ndefu. Safari niliifanya hatimaye, baada ya kuongeza hitilafu nyingine juu ya ile iliyokuwepo. Pili ni ule waya. Niliuacha kwa urahisi wangu mimi fundi, na sikuuandika popote, kwa hiyo fundi wa umeme hakuwa na njia ya kujua kwamba si wa kufungwa pamoja na kebo ya mota.

Na tatu, ambalo katibu aliliona kabla yangu: nilitengeneza mtambo ambao kimya chake kina maana mbili, "mambo ni salama" na "nimelala", na msikilizaji hana namna ya kuzitofautisha. Hakuna mpangilio wa U-Boot unaotibu hilo. Hata waya ungetoka mapema, siku moja modemu ingeungua au betri zingeisha, na wao wangelala wakiamini.

Nilifunga mitambo mingine miwili kwa namna ileile mwaka huohuo. Mmoja uko mjini, nimeshaukagua: waya ulikuwepo, uko wazi, lakini hakuna mota karibu yake. Nimeutoa. Wa tatu uko bara, na barabara ya kwenda huko haipitiki hadi mvua ziishe. Nimemwelekeza anayeutunza kwa simu afungue sanduku na kuchomoa plagi nyeusi kwenye pini sita za J1. Jana jioni alinitumia picha: pini sita, tupu, na plagi mkononi mwake.